Mpaka Ikae

Kitu cha kwanza nilichokabidhiwa kwenye karakana ya mjomba wangu hapa Mtwara mjini ni kipande cha chuma kirefu kama kidole cha kati, na agizo la maneno mawili: "Kifanye bapa." Hakusema bapa kwa kiasi gani wala kwa muda gani. Chuma kilikuwa kimetoka kukatwa kwa msumeno, kimejaa mistari ya meno yake. Mimi nilikuwa na stashahada ya usimamizi wa biashara na simu yenye kioo kilichopasuka. Alinipa tupa, akanionesha jiliwa la kubania, akaenda kuswali Adhuhuri. Aliporudi hakutazama nilichofanya. Alikaa kwenye ndoo yake ya rangi iliyogeuzwa juu chini, akafumba macho, akasikiliza.

Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa anakagua.

Tupa, kwa asiyeifahamu, ni kazi ya punda. Sukuma, inua, rudisha, sukuma tena. Meno yake yameelekea mbele, kwa hiyo hukata inapokwenda tu. Ukiiburuza wakati wa kurudi unayafanya butu bila faida. Hilo mtu hulielewa kwa dakika 5. Lisiloeleweka kwa dakika 5 ni kwamba mikono yetu imeungwa kwenye mabega, na bega ni kitu cha kuzunguka. Mkono ukiachwa ufuate asili yake huchora upinde. Unapoanza kusukuma, sehemu kubwa ya tupa iko upande wako na ncha tu ndiyo iko juu ya chuma. Unapomaliza, mambo yamegeuka, ncha inaning'inia upande wa pili na mpini ndio uko karibu na chuma. Ukikandamiza kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, tupa hupanda na kushuka kama mtumbwi kwenye wimbi. Inakula kingo na kuacha katikati. Uso wa namna hiyo mafundi husema una tumbo.

Dawa ya tumbo inaelezeka kirahisi kuliko inavyotendeka. Mkono wa kushoto, unaoshika ncha, uanze mzito umalize mwepesi. Wa kulia uanze mwepesi umalize mzito. Hayo yote ndani ya msukumo mmoja, na misukumo iwe kama 40 kwa dakika, na usiyafikirie, maana ukiyafikiria umeshachelewa. Mguu wa kushoto mbele. Mdomo wa jiliwa uwe sawa na kiwiko chako. Mimi si mrefu, kwa hiyo Mjomba alipigilia ubao nisimame juu yake. Mwili uende pamoja na mikono, usiiache mikono iende peke yake. Wiki ya kwanza nililala nikiwa na maumivu sehemu ambazo sikujua kama zina misuli.

Nimeshaeleza mikono, sasa nieleze kilichonifikisha pale, kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mna vyeti kama changu.

Gesi iligunduliwa Mnazi Bay, kule Msimbati, mwaka 1982, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Ilikaa ardhini miaka na miaka. Mimi nilikuwa kidato cha pili Mei 2013, mji ulipolipuka kwa sababu ya bomba la kuipeleka Dar es Salaam; nakumbuka moshi, na mama akituambia tulale chini ya dirisha. Bomba lilikamilika mwaka 2015, mwaka uleule kiwanda cha saruji cha Dangote kilipofunguliwa. Kodi za nyumba Shangani zilikuwa zimepanda, hoteli zilikuwa zimeota, na kila kijana wa rika langu alikuwa na kozi aliyoichagua kwa sababu gesi itaihitaji. Mimi nilichagua biashara. Niliporudi nyumbani na stashahada yangu wageni wengi walikuwa wameshaondoka na kodi za Shangani zimeshuka. Nilituma maombi ya kazi kwa mwaka mzima. Siku moja mama akasema, bila hasira, "Nenda kwa mjomba wako."

Asiyetoka kwetu anaweza kulisikia neno hilo kama ushauri wa kawaida. Kwa Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba si ndugu wa kutembelewa sikukuu tu. Akikwambia shika tupa, unashika.

Yeye mwenyewe aliishika kwenye kiwanda cha korosho. Serikali ilijenga viwanda vingi vya korosho huku kusini katika miaka ya 1970, vyenye mashine kutoka Italia na Japani, na vingi vikasimama miaka ya 1980. Vilidumu muda wa kutosha kumfundisha kijana mmoja kazi. Aliyemfundisha alikuwa fita mzee ambaye naye alianzia bandarini, enzi za Mwingereza, kwenye mitambo ya bandari na reli vilivyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga. Mpango wa karanga ulikufa mapema, reli ya kwenda Nachingwea ikafungwa mwaka 1962, kiwanda cha korosho nacho kikanyamaza. Nikihesabu, tupa ya kwangu imetokana na miradi mitatu iliyoshindikana. Wa nne, kama ni wa kushindikana, ulinileta mimi.

Neno hilo, fita, tumelichukua kwa Mwingereza, na kwao lina maana ya mtu anayefanya vitu vikae. Kiswahili kina namna yake nzuri zaidi. Tunasema nguo imemkaa. Kofia imemkaa. Na mjomba husema kii imekaa.

Kii ni kipande kidogo cha chuma chenye pembe nne. Chukua shafti, yaani mhimili unaozunguka, na puli au kaplingi inayovalishwa kwenye shafti hiyo. Ili vizunguke pamoja visiteleze, shafti huchongwa mfereji kwa urefu, na tundu la kaplingi huchongwa mfereji unaoutazama ule wa kwanza. Kii hulala humo, nusu kwenye mfereji huu, nusu kwenye ule. Nguvu yote ya injini hupita kwenye mbavu za kipande hicho kisichozidi kidole. Mashine ya kusaga mahindi, mashine ya kukoboa mpunga, boti: ukifungua utakuta kii mahali fulani, imejificha.

Kwa shafti ya milimita 28 vitabu vinataka kii yenye upana wa milimita 8 na kimo cha milimita 7. Vinaruhusu upana upungue kwa milimita 0.036 tu, ambayo ni kama nusu ya unene wa unywele. Kii ya namna hiyo inauzwa dukani, imetengenezwa kwa mashine, na hakuna haja ya kujiumiza mabega. Kwa nini basi watu wanakuja kwa Mjomba?

Kwa sababu kii ya dukani imetengenezwa kukaa kwenye mfereji wa dukani. Boti ikishafanya kazi miaka 10 mfereji wake si wa milimita 8 tena. Kama kii ililegea hata kidogo, kila pigo la injini ya silinda moja huisukuma ikagonge ukuta, ikarudi, ikagonge tena, maelfu ya mara kwa saa. Mfereji hupanuka, na haupanuki sawasawa: mdomoni zaidi, ndani kidogo, upande wa shafti tofauti na upande wa kaplingi. Hapo namba ya kitabu haina la kukusaidia. Hakuna duka duniani linalouza kii ya shafti ile.

Hili lilinichukua miezi kulielewa, na nadhani ndilo lililonifanya nibaki. Shuleni tulifundishwa usahihi wa aina moja: kuna namba, nawe unaikaribia. Tupa inajua usahihi mwingine. Kipande kiko sahihi kwa sababu kimekaa na mwenzake huyu, mwenye makovu haya, na kwa mwingine yeyote kisingefaa. Kiwanda hufuata namba. Mashine kuukuu ya Mtwara haiombi namba. Inaomba jirani anayeijua.

Niliwahi kumsimulia Mjomba habari za Joseph Whitworth, nilizozisoma kwenye simu umeme ukiwa umekatika (hukatika, hata hapa penye gesi). Mwaka 1840 Mwingereza huyo, aliyewahi kufanya kazi kwa Henry Maudslay kule London, aliusomea mkutano wa wanasayansi mjini Glasgow maelezo ya namna ya kupata uso wa chuma ulio bapa kweli. Tatizo ni hili: bapa unalilinganisha na nini? Rula yako nani aliinyoosha? Ukichukua mabamba mawili ukayalinganisha na kuyakwangua mpaka yagusane kila mahali, huenda moja lina tumbo na jingine lina bonde la kiasi kilekile. Yamekubaliana, na yote mawili ni waongo. Dawa ni bamba la tatu. La kwanza lilinganishwe na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, na kila yanapogombana unakwangua. Yakifika mahali ambapo yote matatu yanakubaliana kwa zamu, hakuna umbo jingine linalowezekana isipokuwa bapa. Niliona ni jambo la kupendeza mno: ukweli unapatikana bila kuwa nao mwanzo.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Akasema huyo bwana alikuwa na mabamba matatu. "Sisi shafti moja, kaplingi moja. Zikikubaliana kwenye uongo wao, kazi imeisha."

Tupa zake anazitundika ukutani, kila moja na msumari wake, zisigusane, kwa sababu zikigongana zinavunjana meno. Kuna bapa, nusu duara, mviringo tunayoiita mkia wa panya, ya pembe tatu, ya pembe nne. Kuna za meno makubwa za kuanzia na za meno madogo za kumalizia. Moja ina chapa ya Nicholson ya Marekani iliyofutika nusu. Hiyo siruhusiwi kuigusa bila kunawa mikono, maana mafuta ya vidole huifanya tupa iteleze badala ya kuuma. Tupa mpya huanzishwa kwenye shaba nyeupe kabla haijapelekwa kwenye chuma, isivunjike meno ikiwa bado na ukali wa kitoto. Kabla ya kumalizia uso, unaipaka chaki, chaki ileile ya ubaoni shuleni, ili vumbi la chuma lisinase katikati ya meno na kuchora mikwaruzo. Vumbi likinasa unalitoa kwa brashi ya waya. Usilipulize kwa mdomo; jicho moja la Mjomba lina historia na jambo hilo.

Nilipoziangalia kwa karibu, nikaona bapa zake nyingi si bapa kabisa. Zimenenepa kidogo katikati kwa makusudi, ili fundi aweze kuchagua mahali pa kula. Kifaa cha kunyoosha chenyewe kina tumbo. Na kabla mashine za kuchonga tupa hazijaenea katika karne ya 19, kila jino lilichongwa kwa mkono kwa patasi na nyundo. Wachongaji wa Sheffield, Uingereza, walilaza tupa juu ya kitalu cha risasi ili isiumie upande wa chini, na sumu ya risasi ikawaingia mwilini. Huwa nawakumbuka ninapoona tupa za bei rahisi zinazoisha meno kwa wiki mbili.

Hata zikiisha hazitupwi, licha ya jina lake. Jirani yetu, mchonga vinyago, huja kuziomba. Yeye tupa anaitumia kulainisha mpingo baada ya tezo na patasi, na zilizokwisha kabisa humpelekea mhunzi azigeuze visu vya kuchongea. Siku moja nilimuuliza anapimaje. Aliniangalia kama nimemuuliza anapumuaje. Kinyago chake hakina mfereji wa kuingia. Kikitosha machoni pake, kimetosha. Nilimwonea wivu kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Mimi sina ruhusa ya kuamini macho yangu, ila macho yangu ndiyo Mjomba anayoyahitaji. Jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho na anasubiri upasuaji. La kushoto ndilo lile lililowahi kuingiwa na chuma. Kupima ubapa kunataka jicho. Unashika chuma mkono mmoja, unakilaza juu yake ukingo wa skwea, unavielekeza mlangoni kwenye jua, na unatazama panapogusana. Palipo bapa pana giza. Palipo na bonde mwanga unapenya, hata kwenye upenyo mwembamba kuliko unywele. Mjomba hauoni tena mwanga huo. Kwa hiyo tunafanya kazi hivi: mimi natazama, yeye anauliza.

"Mwanga uko wapi?"

"Kushoto, Mjomba. Kwenye kona."

"Unene wake?"

Mwanzoni sikuwa na maneno. Tukayatengeneza. Kuna mwanga wa uzi, mwanga wa utando wa buibui, na mwanga unaokuja ukipepesa macho na kupotea ukiyatuliza. Huo wa mwisho anautaka uachwe. Yeye upande wake ananifundisha kusikia. Tupa inapogusa vilima viwili tu inalia kwa sauti nyembamba, inakwaruza. Inapogusa uso mzima sauti inashuka, inakuwa nzito na laini, kama mtu anayefagia mchanga mkavu. Ndiyo maana siku ile ya kwanza alikaa kwenye ndoo na kufumba macho.

Juni mwaka jana, kusi limeshika, alikuja nahodha kutoka Msimbati na mzigo ameufunga kwenye turubai nyuma ya bodaboda. Shafti ya pangaboi na nusu ya kaplingi. Alimwamkia Mjomba, akanisalimu, "Mambo, mdogo wangu," akafungua. Kii ya dukani ilikuwa imelegea, na mtu fulani alikuwa ameikaza kwa kipande cha bati la kopo la nyanya. Bati lilikuwa limesagika likawa unga wa kijivu. Mfereji wa shafti ulikuwa umepanuka mdomoni kama mdomo wa samaki.

Nahodha huyu huvua nje ya mlango wa Ruvuma. Pale maji ya mto yanakutana na maji ya bahari na mafungu ya mchanga hayakai mahali pamoja. Yaliyokuwepo mwaka juzi mwaka huu yamehama. Tanga hutumika, lakini kwenye mlango ule, maji yakitoka na upepo ukiingia, mtu anategemea injini. Kii ikikatika pale injini itaendelea kunguruma vizuri kabisa na pangaboi litasimama. Boti yake ina watu sita. Alisema hayo kwa utulivu, akinywa maji ya kandoro, kama anayetaja bei ya mkaa.

Shafti mpya ingeweza kukerezwa mjini. Bei yake nahodha alishaisikia, akacheka. Kwa hiyo ikawa tupa.

Tulianza na mifereji. Kuta zilizogongwa hazifai kukaliwa na kitu mpaka zinyooshwe, na kila unaponyoosha mfereji unazidi kupanuka, kwa hiyo unaondoa kile tu ambacho huwezi kukiacha. Kazi hii ni ya tupa nyembamba, misukumo mifupi, na saa nzima unaona kama hujafanya kitu. Wa shafti ukaishia milimita 8.6. Wa kaplingi, 8.3. Kwa hiyo kii ilitakiwa iwe na ngazi: chini pana, juu nyembamba, na mabega mawili yaliyolingana kati yake. Hapo ndipo unapojua kwa nini tupa bapa nzuri ina ubavu mmoja usio na meno. Ubavu huo unautegemeza kwenye ukuta wa ngazi, ukila bega bila kuugusa ukuta.

Chuma tulikitoa kwenye kipande cha shafti ya zamani. Nilipendekeza springi ya gari, kwa kuwa ni ngumu. Mjomba akakataa. Kii haitakiwi kuwa ngumu kuliko shafti. Siku pangaboi litakapopiga mwamba, kitu kimoja lazima kife, na afadhali kife kile kinachotengenezeka kwa siku moja na nusu.

Nilikata kwa msumeno, nikashusha kwa tupa ya meno makubwa hadi milimita 8.8 nikipima kwa venia. Ilipofika 8.65 Mjomba alinyoosha mkono, akachukua venia, akaitia kwenye droo na kuifunga. Namba imetufikisha mlangoni, alisema. Kuingia ni shauri lingine. Akawasha kibatari, mchana kweupe. Moshi wake tunautumia kama mafundi wa nchi nyingine wanavyotumia rangi ya buluu: unapitisha kii juu ya ulimi wa moto mpaka ishike masizi, unaisukuma mferejini kwa kidole, unaitoa. Palipong'aa, masizi yamefutika, ndipo panapobana. Hapo tu ndipo unapogusa, misukumo miwili, mitatu, kwa tupa laini yenye chaki. Unafuta, unapaka tena, unasukuma tena. Mara ya kwanza iling'aa sehemu mbili. Baada ya saa moja, sehemu tano. Unatamani kuongeza nguvu. Usiongeze. Chuma ulichokiondoa hakirudi, na kilichopo mkononi ni saa kadhaa za maisha yako pamoja na watu sita.

Nahodha alikaa nasi muda wote. Alitusimulia kuhusu ndugu zake wa upande wa Msumbiji, kuhusu kivuko cha Kilambo, kuhusu bei ya pweza. Kila baada ya muda aliuliza, "Mzee, bado?" na Mjomba alijibu, "Bado, baba." Jioni tulifunga. Asubuhi tukaanza tena. Karibu saa tano mng'ao ulitapakaa ubavu mzima, kama mvua ya kwanza inavyojaza vumbi la uwanja, tone kwa tone mpaka huoni tena matone. Mjomba aliuliza mwanga, nikamwambia. Akapitisha kidole gumba kwenye bega la ngazi, kulia, kushoto. Kii iliingia kwa kidole hadi nusu, na nusu nyingine kwa nyundo ya mbao. Sauti ilibadilika kwenye pigo la mwisho: badala ya tak, ikawa tup. Juu yake tuliacha nafasi ya karatasi, kwa sababu kii ya namna hii hubeba kwa mbavu, haibebi kwa mgongo.

Nahodha alilipa, akafunga turubai lake, akaondoka. Hatukusikia kitu. Kwenye kazi hii huwezi kusikia habari njema. Hakuna anayepiga simu kusema kii haijakatika. Usiku upepo ulipovuma sana nilikuwa nikiamka na kulala tena, na nilijua, bila yeye kusema, kwamba Mjomba naye anaamka. Miaka yote hiyo amekuwa na mashine za watu kichwani, kila moja mahali ilipo. Sikuwahi kufikiri kwamba ufundi una uzito wa namna hiyo. Stashahada yangu haikuwahi kuniamsha usiku.

Agosti alirudi. Sili ya mafuta ilikuwa inavuja, haikuhusiana na sisi, lakini ili kuifikia ilibidi kaplingi ivuliwe. Alileta changu watatu kwenye kikapu na shafti kwenye turubai. Mjomba hakuuliza sili. Alisema nitoe kii, nikaigonga taratibu kwa kipande cha shaba mpaka ikatoka, nikampa. Aliizungusha vidoleni muda mrefu.

"Ubavu mmoja umeng'aa zaidi," alisema.

Niliitazama mlangoni. Ilikuwa kweli, ubavu wa kushoto ulikuwa kama kioo, mng'ao wa namna moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na wa kulia ulikuwa bado na kijivu cha masizi kwenye kona.

"Boti inakwenda mbele kuliko nyuma," nikamwambia.

"Basi ndiyo huo." Akanirudishia. Nilibadilisha sili, nikapangusa mfereji, nikaiweka kii mahali pake. Iliingia kwa kidole gumba mpaka nusu, kisha nikachukua nyundo ya mbao.